Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Wahenga wametuachia neno: mwenye kovu usidhani kapoa. Twalisema neno hilo juu ya mtu mmoja na kidonda chake. Leo twataka kulipeleka mbele kidogo na kuuliza: Je, kovu la mama laweza kumwuma binti ambaye hakuwapo siku ile mama yake alipojeruhiwa? Na kama laweza, dawa yake iko mikononi mwa nani?

Swali hili tumelikuta katika hadithi za Wachina. Wasomaji wetu wengi wamekwisha kukutana na mwanamke wa Kichina katika televisheni. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha mchezo wa Mao Doudou na mama wakwe zake, Wachina wakisemeshwa Kiswahili, na watu wakacheka majumbani kwa kuona kwamba shida za mke na mama mkwe huko kwao si ngeni kwetu. Mchezo ule ulikuwa wa kufurahisha. Lakini nyuma ya kicheko kile iko historia ndefu isiyochekesha hata kidogo, na waandishi wa Kichina, wake kwa waume, wameisimulia kwa muda wa miaka mia moja sasa. Wameandika habari za bibi, mama na binti, na za urithi upitao kutoka mkono hadi mkono bila kutajwa katika wosia wowote.

Tumevisoma baadhi ya vitabu hivyo, na twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji yale tuliyoyaona ndani yake. Hatufanyi hivyo kwa kutafuta mambo ya ajabu ya nchi ya mbali. Twafanya hivyo kwa kuwa vimetufundisha jambo ambalo hatukulijua vema.

MKONO WA MAMA

Tuanze na jambo la mwili, maana ndiko mambo yalikoanzia. Kwa karne nyingi wasichana wa Kichina walifungwa miguu. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba alikunjwa vidole vinne vya kila mguu hata vikalala chini ya wayo, kisha akazungushiwa kitambaa kirefu kilichokazwa siku hata siku, mpaka mifupa ikapinda na mguu ukabaki mdogo. Na ni nani aliyeifanya kazi hiyo? Hakuwa askari, wala mwenye shamba, wala mume. Aghalabu alikuwa ni mama mzazi, au bibi. Mwanamke ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa imefungwa, na ambaye hakuyasahau maumivu yake, alimshika binti yake aliyekuwa akilia, akakaza kitambaa. Tena alifanya hivyo kwa kumpenda, kwa kuwa aliamini kwamba msichana mwenye miguu mikubwa hatapata mume, na asiye na mume hana pa kulala wala pa kula.

Watu walizoea kusema kwamba desturi hiyo ilikuwa urembo tu, na anasa za mabwana. Mwaka 2017 wataalamu wawili, Laurel Bossen na Hill Gates, walitoa kitabu kilichotokana na mahojiano ya wanawake wazee 1,800 wa vijijini, wengi wao wakiwa na miguu iliyofungwa. Wakaonyesha jambo ambalo mfanyakazi yeyote atalifahamu upesi. Msichana aliyefungwa miguu ni msichana aliyekaa kitako, na msichana aliyekaa kitako hufanya kazi ya mikono: alisokota nyuzi na kufuma nguo kwa faida ya nyumba, tangu angali mtoto mdogo. Nguo za viwandani zilipoenea, kazi ile ya mikono ikapoteza thamani, na desturi nayo ikafifia. Serikali ya jamhuri iliipiga marufuku mwaka 1912, lakini vijijini amri peke yake haikutosha. Ndani ya kitambaa kile mlikuwamo uchumi, si uzuri peke yake.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Mama yule hakumrithisha binti yake maumivu kama vile mtu arithishavyo shamba au kikuku. Alimrithisha sheria ambayo maumivu yalimfundisha: usipokubali kuumia, hutapata mahali pa kuishi. Kidonda chaweza kupona katika kizazi kimoja. Sheria iliyozaliwa na kidonda yaweza kuishi vizazi vitano, hata pale ambapo hakuna tena mtu akumbukaye ilianzaje.

KONGWA LA DHAHABU

Mwandishi aliyeliona jambo hili kwa jicho kali kuliko wengi ni Zhang Ailing, aliyezaliwa Shanghai mwaka 1920. Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake waliofungwa miguu, naye akasafiri kwenda Ulaya kwa miguu hiyo hiyo. Baba yake alikuwa mtu wa kasumba. Mwaka 1943, mji wa Shanghai ukiwa mikononi mwa Wajapani, Zhang Ailing alitoa hadithi iitwayo Kongwa la Dhahabu. Wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa kongwa ni kitu gani. Babu zetu waliliona shingoni mwa mateka njiani kuelekea pwani. Wachina nao walikuwa na lao, ubao mzito uliofungwa shingoni mwa mfungwa.

Mwanamke wa hadithi ile anaitwa Qiqiao. Alitoka katika nyumba ya wauza mafuta ya ufuta. Kaka yake alimwoza katika ukoo wa kitajiri kwa kutaka fedha, awe mke wa mwana aliyelala kitandani kwa kifua kikuu cha mifupa. Ndugu wa mume walimdharau. Hata watumishi walimcheka. Akavumilia miaka mingi. Hatimaye mume akafa, mama mkwe akafa, mali ikagawanywa, na Qiqiao akapata fungu lake. Msomaji hungoja kuona mateka amefunguliwa.

La hasha! Qiqiao sasa ni bwana wa nyumba yake, na lile kongwa la shingoni limekuwa silaha mkononi. Anamfunga binti yake Chang'an miguu wakati ambapo desturi imekwisha kupitwa na watu wote, kisha anaacha, lakini miguu imekwisha kuharibika. Binti anapelekwa shule, na mama anatafuta fujo kwa ajili ya vitambaa vilivyopotea, hata binti anaona haya na kuiacha shule mwenyewe. Anamzoeza kasumba. Mwisho, binti akiwa amekaribia miaka thelathini na amepata mchumba mwema aliyesoma Ujerumani, mama anamkaribisha bwana yule chakula, na kwa sauti ya upole anamwambia kwamba Chang'an atashuka akishamaliza kuvuta. Tumaini la mwisho la binti likafa palepale.

Hapana katika hadithi hii mtu mmoja mwovu ambaye twaweza kumnyooshea kidole na kulala usingizi. Qiqiao ameonewa kweli, na Qiqiao ameonea kweli. Kila kitu alichomnyima binti yake ni kitu alichonyimwa yeye. Watu hupenda kusema kwamba shida humfanya mtu kuwa mwema na mwenye huruma. Zhang Ailing atwambia tusidanganyane: shida isiyopata haki yaweza kumfanya mtu kuwa mlinzi wa gereza lile lile alimofungwa.

KUSEMA BILA KUSIKILIZWA

Hapo mtu atasema: dawa basi ni kusema. Mama aseme yaliyompata, asiyafiche moyoni, na moyo utapona. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka tuliporudi kwa Lu Xun, ambaye Wachina humhesabu kuwa baba wa fasihi yao mpya.

Mwaka 1924 Lu Xun aliandika hadithi fupi juu ya sadaka ya Mwaka Mpya. Mwanamke wa hadithi ile hana hata jina lake mwenyewe; aitwa Mke wa Xianglin, na Xianglin ni marehemu. Mjane huyo alitoroka kwa mama mkwe wake, akapata kazi ya utumishi katika nyumba ya bwana mmoja mjini, akafanya kazi kama mwanamume, akafurahi. Mama mkwe akamfuata, akamkamata kwa nguvu, akamwuza kwa mume mwingine huko milimani, na fedha zile akazitumia kumwoza mwanawe mdogo. Huko milimani mjane akazaa mtoto wa kiume. Mume wa pili akafa kwa homa. Mtoto akaliwa na mbwa mwitu.

Akarudi katika nyumba ile ya kwanza. Sasa bwana wa nyumba anamwona ni najisi kwa kuwa ameolewa mara mbili. Afanye kazi, ila asiguse vyombo vya sadaka. Mwanamke yule alimsimulia kila aliyekutana naye habari ya mtoto wake. Mwanzoni watu walilia. Wako wanawake waliotoka mahali pengine ili waisikie. Baada ya siku nyingi waliijua kwa moyo, wakawa wanamkatiza na kumfuatiza maneno yake, wakamcheka. Kisha mtumishi mwenzake akamtisha kwamba akifa, waume zake wawili watamgombania huko kuzimu, naye atapasuliwa vipande viwili. Akamwambia anunue kizingiti cha hekalu, kikanyagwe na maelfu badala yake, dhambi yake iishe. Alitoa fedha zote alizokuwa amejiwekea kwa kazi yake, akakinunua. Akarudi macho yakimwangaza, akanyosha mkono kwenye vyombo vya sadaka, na mama wa nyumba akamkataza tena. Tangu siku ile akaanza kufa. Akafukuzwa, akawa ombaomba, na roho ikamtoka wakati mji unajiandaa kuukaribisha Mwaka Mpya.

Tazameni, ndugu wasomaji. Mwanamke huyu hakunyamaza. Alisema zaidi ya mtu yeyote mjini. Hakupungukiwa na maneno; alipungukiwa na mtu wa kuyasikia maneno yale akauliza: Kwa nini mjane anauzwa? Kwa sheria ya nani? Waliosikia walilia, na machozi yalipokauka wakarudi kazini mwao. Tena wengi katika waliomkanyaga walikuwa wanawake kama yeye: mama mkwe, mtumishi mwenzake, mama wa nyumba. Kila mmoja wao alikuwa akiitunza ile sheria aliyoipokea.

Jibu la swali lile lilichukua miaka 26. Tarehe 1 Mei 1950 serikali mpya ya Uchina ilitoa Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo ilikataza kuoza watu bila hiari yao, ikakataza masuria, ikakataza kuposa watoto wadogo, ikakataza mtu yeyote kumwingilia mjane katika kuolewa kwake, na ikakataza kudai fedha kwa ajili ya ndoa. Msomaji akiisoma sheria ile baada ya hadithi ya Lu Xun ataona kama kwamba mtunga sheria ameketi na kumsikiliza Mke wa Xianglin mpaka mwisho.

UKURASA WA GAZETI

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini iko habari nyingine, nayo yatuhusu sana sisi tunaoandika katika gazeti la chama.

Ding Ling alizaliwa mkoani Hunan mwaka 1904. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo sana. Mama yake, Yu Manzhen, desturi ilimtaka akae ndani ya ukoo wa mumewe na kulia ujane wake. Yeye akatoka, akaenda shule akiwa mtu mzima mwenye watoto, akawa mwalimu, akaanzisha shule. Ding Ling akayageuza maisha yale kuwa riwaya iitwayo Mama, iliyotoka mwaka 1933. Hapa twauona urithi wa namna nyingine. Qiqiao na Yu Manzhen ni wanawake wa nyakati zilizokaribiana, na wote wawili walikuwa wajane. Mmoja alimrithisha binti yake kongwa, na mwingine njia ya shule. Basi tusiseme kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, au kwamba aliyeumizwa lazima aumize. Njia ni mbili. Lakini tukumbuke kwamba Yu Manzhen aliikuta shule imefunguliwa kwa wanawake. Qiqiao hakuwa na mlango wowote ila ule wa mali ya marehemu.

Mwaka 1941 Ding Ling alitoa hadithi ya msichana wa kijijini jina lake Zhenzhen. Msichana huyo, kwa kuikimbia ndoa aliyolazimishwa, alikwenda kanisani akaombe kupokewa kuwa mtawa, na Wajapani wakamkuta huko wakamteka. Wakamfanya mwanamke wa askari. Naye, katika utumwa huo, alikubali kuwapelekea wapiganaji wa Kichina habari za adui, mara baada ya mara, huku ugonjwa ukimla mwilini. Anaporudi nyumbani kijiji kinamtema. Wanawake ambao hawakupatwa na lolote wanajiona watakatifu mbele yake. Mchumba wake wa zamani anataka kumwoa kwa huruma, naye anakataa. Anakwenda kutafuta matibabu na masomo mahali asipojulikana, aanze upya. Hadithi ile ilikuwa ya kubuni, lakini wanawake wa namna ile walikuwapo wengi. Mmoja wao, Wan Aihua wa mkoa wa Shanxi, alisimama mbele ya watu mjini Tokyo mwaka 1992 akatoa ushahidi wake. Karibu nusu karne ilikuwa imepita.

Sasa tuje kwenye gazeti. Katika mji wa Yan'an, makao ya Chama cha Kikomunisti wakati wa vita, Ding Ling alikabidhiwa ukurasa wa fasihi wa gazeti la chama, Jiefang Ribao. Mwezi Machi 1942, kwa sikukuu ya wanawake, alichapisha insha. Hakuandika sifa na pongezi kama ilivyo desturi ya siku hiyo. Aliandika kwamba hapo Yan'an penyewe mwanamke asiyeolewa husengenywa, na aliyeolewa husengenywa pia. Kwamba huhimizwa kuzaa na kukaa nyumbani, kisha mumewe humwacha kwa sababu amebaki nyuma katika mambo ya siasa. Aliandika kama mwanachama azungumzavyo na ndugu zake.

Akalaumiwa vikali, na ikambidi ajikosoe mbele ya wenzake. Baadaye alipata heshima kubwa. Riwaya yake juu ya mageuzi ya ardhi ilipewa Tuzo ya Stalin. Lakini mwaka 1957 aliitwa mfuasi wa mrengo wa kulia, akafukuzwa katika chama, na mwaka 1958 insha ile ya zamani ikachapishwa upya ili watu waisome kwa kuilaani. Akapelekwa kaskazini ya mbali, mkoani Heilongjiang, akafanya kazi ya kufuga kuku. Toka mwaka 1970 hata 1975 alikuwa gerezani. Mwaka 1979 chama kilimrudishia heshima yake, naye akafa mwaka 1986 akiwa mwanachama.

Hatuyasemi haya kwa kuwadharau Wachina. Chama kile kile kilichomnyamazisha Ding Ling ndicho kilichoandika Sheria ya Ndoa. Mambo yote mawili ni ya kweli, na mtu mzima yampasa aweze kuyashika yote mawili kwa wakati mmoja. Twayasema kwa sababu, tulipoisoma habari hii, tulijiona ndani yake. Kila mwaka mwezi Machi kurasa kama hizi hujaa sifa za mama: mama mvumilivu, mama jasiri, mama nguzo ya nyumba. Sifa hizo hazimgharimu mtu kitu. Ni mara ngapi tumepokea barua ya mwanamke asemaye habari zisizopendeza, tukaiweka chini ya nyingine, tukangoja wakati wa kufaa? Wakati wa kufaa hauji wenyewe. Barua inayokaa chini ya nyingine ni sawa na mtu anayesema peke yake njiani.

DAFTARI LA MAMA

Mwaka 1979, ule ule ambao Ding Ling alirudishiwa heshima yake, mwandishi Zhang Jie alitoa hadithi ambayo jina lake twaweza kulisema kwa Kiswahili kuwa Upendo Usisahauliwe. Msichana wa miaka thelathini anaposwa na kijana mzuri wa sura, naye hajui ajibu nini. Analo daftari aliloachiwa na mama yake marehemu. Anapolisoma anagundua kwamba mama yake, aliyeachana na mume mapema, alimpenda kwa miaka zaidi ya ishirini mtu mwingine, ofisa mwenye mke, ambaye alimwoa mke huyo kwa kulipa deni la shukrani. Wawili wale hawakuvunja nyumba ya mtu, wala hawakuwahi kukaa pamoja hata siku moja. Ofisa yule alikufa katika misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, na mama aliendelea kuzungumza naye katika karatasi.

Binti analifunga daftari akiwa amepata jibu: afadhali kungoja, hata watu wakisema, kuliko kuolewa kwa kuogopa watu. Hadithi hiyo ilizua mabishano makubwa, wengine wakisema ni mbaya kwa maadili. Sisi tunaona ndani yake jambo ambalo Mke wa Xianglin hakulipata: msikilizaji mmoja. Mama hakuwa amelipa daftari lile jina la fundisho. Binti ndiye aliyelifanya fundisho, kwa kulisoma mpaka mwisho na kubadili njia yake.

Wamarekani wa asili ya Kichina nao wameandika habari hizo hizo. Mwaka 1976 Maxine Hong Kingston alitoa kitabu kinachoanza na mama akimwonya binti yake asimwambie mtu yeyote neno analotaka kumpa. Neno lenyewe ni la shangazi wa binti huyo, huko kijijini Uchina, aliyezaa mtoto asiye wa mumewe. Wanakijiji waliivamia nyumba yao, na usiku ule ule shangazi akajitupa kisimani pamoja na mtoto. Ukoo ukalifuta jina lake, kana kwamba hakuzaliwa. Binti akaiandika siri ile, akaichapisha. Wako wanaouliza kama hiyo ilikuwa haki. Jibu letu ni kwamba adhabu kubwa ya shangazi yule haikuwa maji ya kisima; ilikuwa kusahauliwa kwa makusudi, na kila mwana wa ukoo aliyenyamaza alishiriki katika adhabu ile.

Mwaka 1989 Amy Tan alitoa riwaya ya mama wanne na binti zao wanne mjini San Francisco. Mama mmoja, akikimbia vita, alilazimika kuwaacha mapacha wake kando ya barabara nguvu zilipomwishia. Alikufa bila kuwaona tena, na binti aliyezaliwa Marekani ndiye anayesafiri kwenda Uchina kukutana na dada zake. Amy Tan hakuyatoa hewani mambo hayo. Mama yake mwenyewe alikuwa ameacha mabinti Shanghai, na bibi yake alijiua kwa kumeza kasumba. Mabinti wa riwaya ile ni Wamarekani; Kichina chao ni kibovu, na hofu za mama zao wanaziona ni ushamba. Lakini hofu zenyewe wamezirithi bila kujua. Mmoja anakaa kimya mumewe anapompuuza, vile vile bibi yake alivyofundishwa kukaa kimya katika nyumba ya tajiri. Anapata nguvu ya kusema siku mama anapomfunulia kimya kile kilitoka wapi.

KAZI YA MSIKILIZAJI

Basi turudi kwenye swali letu la kwanza. Kovu la mama laweza kumwuma binti, naam. Humwuma kwa njia ya sheria ambayo mama alijitungia ili asife: usilie, usitoke, usiseme, usimwamini mtu. Sheria hizo zilimwokoa mama siku zile. Zikibaki baada ya hatari kupita, huwa kitambaa kilichokazwa mguuni mwa mtoto asiyejua kwa nini amefungwa.

Na dawa? Tumeona kwamba kusema peke yake hakutoshi. Mke wa Xianglin alisema akachekwa. Zhenzhen alirudi na habari yake, kijiji kikamtema. Ding Ling alisema akaadhibiwa. Tofauti kati ya habari hizo na zile za daftari la mama na za mabinti wa San Francisco haimo katika ushujaa wa msemaji. Imo katika msikilizaji. Palipokuwa na mtu wa kusikiliza hata mwisho na kubadili jambo, iwe ni njia ya maisha yake mwenyewe au ni sheria ya nchi, kidonda kiligeuka kuwa elimu.

Kwa sababu hiyo twaogopa kidogo neno uvumilivu. Ni neno zuri, na methali yasema mvumilivu hula mbivu. Lakini hadithi hizi zinatuonyesha wanawake waliovumilia maisha yao yote, na mbivu zikaliwa na wengine. Kumsifu mtu kwa kuubeba mzigo si sawa na kumtua. Mwanachama anayesimama mkutanoni akamsifu mama kwa uvumilivu, kisha akarudi nyumbani akamwongezea mzigo, ajihesabu miongoni mwa wale waliolia siku ya kwanza na kucheka siku ya kumi.

Yako mambo ambayo kila msomaji aweza kuyafanya bila kungoja azimio. Kama mama yako au bibi yako yu hai, mwulize alikopita. Asipotaka kusema, usimlazimishe. Akianza, usimkatize kwa kumwambia kwamba habari hiyo umekwisha kuisikia. Akimaliza, usiridhike na machozi yako. Jiulize ni desturi gani iliyomuumiza, ni nani aliyepata faida kwayo, na kama desturi hiyo ingali ikiishi nyumbani mwako, kiwandani mwako au katika tawi lako. Ukiiona, hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Mke wa Xianglin alinunua kizingiti kwa jasho lake ili watu wakikanyage badala yake. Kila asikiaye habari kama ile, akatikisa kichwa, akaenda zake, amekikanyaga kizingiti kile naye.